Kuchagua Boti ya Kuteremka na Mkondo kwa Uvuvi wa Mtoni

Boti ya kuteremka na mkondo, kwa Kiingereza drift boat, ni ya Oregon, magharibi mwa Marekani. Ilikua kidogo kidogo kwenye mito ya McKenzie na Rogue katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mikononi mwa waongoza wavuvi na maseremala waliochoka kuvunja boti za kawaida kwenye mawe. Sakafu yake ni bapa, haina mkuku, na ukiitazama kwa ubavu imejipinda kama ndizi: omo (mbele) juu, tezi (nyuma) juu, tumbo chini. Haina tanga, na kwa kawaida haina injini. Mpiga makasia hukaa katikati akitazama mto unakoelekea, huvuta makasia dhidi ya mkondo ili boti iende polepole kuliko maji, na wavuvi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, hurusha mishipi yao kwa nafasi.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Boise (Idaho), Missoula (Montana) au Portland (Oregon), hasa waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika na mtumbwi na kafi, wana mkono wa maji tayari. Lakini hapa kazi imegeuzwa. Huikimbizi boti, unaizuia. Kila kipimo kinachofuata hapa chini kipimwe kwa swali hilo: boti hii, ikiwa na watu watatu, mtu mmoja ataweza kuizuia kutwa nzima?

Hatua ya 1: Jua mto kabla ya kujua boti

Andika mito miwili au mitatu ambayo kweli utaivua, ile iliyo ndani ya saa moja au mbili kutoka nyumbani. Usinunue boti kwa ajili ya mto wa ndoto utakaoufikia mara moja kwa mwaka. Kisha tafuta mambo manne kwa kila mto.

Kwanza, kina. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ina vipimo vya maji kwenye mito mingi na huonyesha wingi wa maji mtandaoni kwa futi za ujazo kwa sekunde. Futi moja ya ujazo ni kama lita 28. Tazama namba za miezi unayokusudia kuvua. Mto ambao mwezi wa nane hubaki na maji ya kifundo cha mguu kwenye changarawe unataka boti inayoelea juu juu.

Pili, mawimbi. Maji ya kasi hupangwa kwa madaraja, I hadi VI. Boti hizi huishi vizuri kwenye II na III. Daraja la IV, kama Blossom Bar kwenye Mto Rogue, ni la mtu mwenye miaka ya uzoefu, na hata hapo boti nzuri zimebaki zimekunjwa kwenye mawe.

Tatu, upepo. Mto Missouri chini ya bwawa la Holter, Montana, una maji mapana na tulivu yenye trauti tele, ila mchana upepo unaweza kukusukuma kurudi ulikotoka. Mahali kama hapo ubavu wa boti uliopanda juu hugeuka kuwa tanga usilolihitaji.

Nne, sheria ya mto wenyewe. Kwenye Deschutes ya chini, Oregon, ni marufuku kuvua ukiwa ndani ya chombo kinachoelea. Unatumia boti kusafiri, unateremka, unasimama ndani ya maji ndipo unarusha. Mtu asiyelijua hilo hulipia viti vya kuzunguka na sehemu ya mbele ya kusimamia ambavyo hatavitumia siku hata moja.

Hatua ya 2: Chukua futi kamba

Hapa ndipo boti huchaguliwa, si kwenye rangi wala jina la kiwanda.

Urefu. Viwanda vingi vya Oregon hupima kufuata ukingo wa juu wa ubavu, na ukingo huo umepinda. Boti inayoitwa ya futi 16 ikipimwa kwa mstari ulionyooka katikati hupungua kwa futi moja au zaidi. Viwanda vingine hupima katikati. Ukilinganisha boti mbili bila kuuliza zimepimwaje, unalinganisha vitu viwili tofauti. Pima mwenyewe zote kwa njia moja.

Upana wa sakafu. Hupimwa chini, ndani ya boti, pale makasia yanapokaa. Vipimo vya kawaida ni inchi 48 (sentimita 122), 54 (137) na 60 (152). Inchi 48 ni nyepesi kupiga makasia na hupita kwenye nafasi nyembamba kati ya mawe, lakini mvuvi wa mbele akisogea, boti nzima inajua. Inchi 60 hutulia kama baraza na huelea juu zaidi kwa sababu uzito umetandazwa, ila mkono wa mpiga makasia hulipa, na bado unahitaji makasia marefu zaidi. Kwa mtu anayenunua boti ya kwanza, atakayebeba watu watatu, ushauri wetu ni futi 16 kwa inchi 54. Si boti bora kwa mto wowote, lakini si boti mbaya kwa karibu mito yote, na ukitaka kuiuza hukosi mnunuzi.

Mpindo wa tumbo. Kipimo hiki wauzaji hawakitaji mara nyingi, na ndicho kinachobadilisha tabia ya boti kuliko vyote. Omba boti iwekwe kwenye sakafu tambarare ya saruji, kisha chuchumaa uitazame kwa ubavu. Ikiwa inagusa chini kipande kidogo tu katikati, mpindo ni mkubwa: itageuka kwa pigo moja la kasia na kupanda mawimbi vizuri, ila tumbo lake litazama zaidi na upepo utaizungusha. Ikiwa inalala chini kwa sehemu ndefu, mpindo ni mdogo: itaelea kwenye maji membamba na kushika mstari wake, lakini ukiliona jiwe umechelewa, itachelewa nawe. Mito ya mawe na mawimbi, chukua mpindo. Mito mipana ya changarawe, chukua ulalo.

Urefu wa ubavu, yaani kutoka sakafu hadi ukingo wa juu. Ubavu mrefu huzuia mawimbi, ubavu mfupi hukwepa upepo na kurahisisha kupanda na kushuka. Kama una watoto au wazee utakaowabeba, jaribu kupanda boti ikiwa chini, si juu ya trela. Pia tazama jinsi ubavu unavyofunguka kwenda nje: ulioegemea nje huipa boti msaada inapolalia upande mmoja, uliosimama wima hauna msaada wa kutoa.

Hatua ya 3: Mbao, alumini au faibaglasi

Watu hubishana hapa hadi usiku. Ukweli ni mfupi kuliko ubishi wao.

Alumini hubonyea badala ya kupasuka, huvumilia kuburutwa kwenye changarawe, na inafaa mtu asiye na banda la kuiwekea. Ubaya wake: inapiga kelele kila mfuniko unapoanguka, ni baridi mwezi wa kumi na mbili, na tumbo tupu la alumini hung'ang'ania jiwe badala ya kuteleza. Ndiyo maana nyingi hupakwa tabaka la epoksi chini au kufungwa bamba la plastiki ngumu. Ukinunua ya alumini isiyo na kinga hiyo, weka gharama yake kwenye hesabu.

Faibaglasi huteleza juu ya mawe, haina kelele, na ukarabati wake wa kawaida ni resini, kitambaa cha nyuzi na msasa, kazi ambayo mtu makini huifanya nyumbani. Haipendi kupigwa mahali pamoja kwa nguvu. Sehemu inayoisha kwanza ni ile pembe ya chini, ubavu unapokutana na sakafu.

Mbao, yaani plaiwudi ya baharini, ni nyepesi, kimya, na raha yake kwenye makasia haina mfano. Ni ya mtu mwenye paa la kuiweka chini yake na anayependa kupaka vanishi. Kama huna vyote viwili, iache.

Zipo pia za plastiki ya polithini, ngumu sana kuharibika.

Hatua ya 4: Kaa ndani

Kalia kiti cha mpiga makasia dakika 10 na ushike makasia. Nyayo ziwe na mti au bomba la kukanyagia, magoti yabaki yamekunjwa kidogo. Nguvu ya kuzuia boti hutoka miguuni na mgongoni. Bila pa kukanyagia, unavuta kwa mabega peke yake na saa mbili baadaye umekwisha. Kiti hicho kiwe kinasogezwa mbele na nyuma, kwa sababu ukiwa na mvuvi mmoja tu mbele, lazima wewe urudi nyuma ili boti ilale sawa majini. Boti iliyoinamia omo haigeuki.

Kisha simama mbele, kwenye kizuizi cha mapaja, kile anachoegemea mvuvi akisimama. Kisukume kwa nguvu. Kikicheza kikiwa nchi kavu, kwenye wimbi kitamtoa mtu nje. Sakafu ya mbele isiwe na skrubu, ndoano wala kamba zilizojitokeza. Mshipi wa kurushia nzi wa bandia hutafuta kila kitu cha kunasia, na hukipata.

Hatua ya 5: Makasia na nanga

Makasia mabovu huiharibu boti nzuri. Kwa sakafu ya inchi 54, anza na futi 9. Kwa inchi 60, futi 9 na nusu hadi 10. Kipimo cha kweli ni hiki: makasia yakiwa kwenye vishikio vyake vya ukingoni na yamelala mlalo, karibu theluthi moja ya urefu ibaki ndani ya boti, na kati ya vichwa vya mipini ibaki nafasi ya ngumi moja au mbili. Mipini ikipishana, vidole vyako vitagongana siku nzima. Ikiachana sana, umepoteza nguvu ya wenzo.

Wanaoanza wafunge vile vizuizi vya mpira au plastiki vinavyolifanya bapa la kasia lisimame wima kila linapoingia majini. Wakongwe huvidharau, lakini kasia lililoingia kwa ubapa katikati ya mawimbi huteleza bure na boti inakwenda ilikotaka yenyewe. Kasia la tatu la akiba ni lazima, tena lifungwe mahali ambapo mkono unafika ukiwa umekaa. Na kishikio kimoja cha akiba, cha shaba nyeusi au chuma, kiwe ndani ya kisanduku.

Nanga hutoka nyuma, katikati kabisa, kupitia kapi hadi kwa mpiga makasia, ambaye huikamata kwa breki ya mguu au kwa kabari ya kamba. Kwa boti ya futi 16, uzito wa pauni 30, karibu kilo 14, unatosha. Nanga ya madini ya risasi yenye umbo la piramidi hushika vizuri kwenye changarawe lakini hunasa kati ya mawe makubwa. Kwenye mito ya mawe, fungu la minyororo ndani ya mfuko wa mpira hutoka kwa urahisi. Kamba iwe na unene wa milimita 10 hadi 12 na urefu wa mita 15 hivi.

Mwisho wa kamba hiyo usifungwe fundo. Wengi hufunga ili nanga isipotee, na hapo ndipo hatari ilipo: nanga ikinasa kwenye maji ya kasi, kamba huvuta tezi chini, maji hupanda juu ya ubao wa nyuma, na boti hujaa kabla mtu hajamaliza kupiga kelele. Kamba isiyo na fundo huachiwa ikaenda zake. Kisu kiwe kiunoni hata hivyo. Na usishushe nanga kwenye maji ya kasi, wala kwa ubavu, hata kama samaki wanaruka mbele ya macho yako.

Hatua ya 6: Ukinunua iliyotumika

Boti mpya pamoja na trela na makasia kwa kawaida hupita dola 10,000, hivyo wengi huanza na iliyotumika, na ni uamuzi mzuri. Nenda mchana, nenda na tochi, sarafu, kisu kidogo na ndoo.

Anza chini. Omba boti ishushwe kwenye trela au angalau isogezwe ili uone sehemu zilizofichwa na mihimili ya trela. Pitisha kiganja kwenye pembe yote ya chini, upande mmoja kisha mwingine.

Kwa faibaglasi, gonga tumbo kwa sarafu kila sentimita 10. Sauti ya mlio ni uzima. Sauti butu, kama unagonga kadibodi, ni tabaka zilizoachana au maji yaliyoingia ndani. Zungushia alama kwa chaki. Kisha kanyaga sakafu ya ndani kwa kisigino: ikinesa, kiini chake kimelowa. Mistari myeupe iliyotawanyika kuzunguka vishikio vya makasia na kizuizi cha mapaja inasema boti imepigwa au imevutwa kupita kiasi. Mistari miembamba ya juu juu haina neno. Inayonasa ukucha ina neno.

Kwa alumini, fuata kila mshono wa kuchomelea kwa tochi, hasa chini ya viti na kwenye mataruma. Ufa huanzia mwisho wa mshono. Ukikuta tabaka nene la epoksi mpya chini ya boti kuukuu, uliza linaficha nini. Tumbo lenye mabonde mengi bado linaelea, lakini huburuta maji na utalisikia mikononi.

Kwa mbao, choma taratibu kwa ncha ya kisu kwenye kona za ndani za ubao wa nyuma, miisho ya ukingo wa juu, na pale mataruma yanapokutana na sakafu. Maji ya mvua yaliyotuama ndiyo adui. Kisu kikizama bila nguvu, mbao zimeoza, na rangi mpya haibadilishi kitu.

Kwa aina zote, mimina ndoo tatu nne za maji ndani, subiri robo saa, kisha lala chini utazame. Kuvuja kutoka ndani kwenda nje huonekana wazi kuliko kinyume chake.

Kwenye kona ya juu kulia ya ubao wa nyuma tafuta namba ya boti yenye herufi na tarakimu 12. Mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Ilinganishe na maneno ya muuzaji. Ikiwa imekwanguliwa, funga mkoba uondoke.

Hatua ya 7: Trela

Boti inaweza kudumu miaka 30. Trela lililopuuzwa halifiki. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono: beringi ikikoroma, itakuacha barabarani. Baada ya kuendesha kilomita 15, gusa kitovu cha gurudumu. Uvuguvugu ni kawaida, moto wa kuondoa mkono si kawaida. Angalia taa, mkanda wa winchi, na tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, maana matairi ya trela huzeeka kabla ya kuisha kashata. Hati ya umiliki wa trela iwe kwa jina la anayekuuzia.

Hatua ya 8: Vibali

Kila jimbo lina lake. Oregon inataka kibali cha njia za maji hata kwa boti isiyo na injini, na ukifunga injini, hata ndogo ya umeme, inataka usajili kamili. Idaho inataka stika ya viumbe vamizi. Septemba 2023 kome aina ya kwaga walionekana kwenye Mto Snake karibu na Twin Falls, na tangu hapo hakuna mzaha: kila kituo cha ukaguzi kilichofunguliwa barabarani, simama, na boti ifike imesafishwa, imemwagwa maji na imekauka, kamba ya nanga ikiwamo.

Jaketi la kuokolea liwepo kwa kila mtu, la saizi yake. Watoto lazima walivae: Oregon wenye miaka 12 au chini, Idaho miaka 14 au chini kwa boti zisizozidi futi 19, Montana walio chini ya miaka 12. Leseni ya kuvua ni jambo jingine, na samoni na stilihedi (trauti anayekwenda baharini na kurudi mtoni) mara nyingi huhitaji kadi ya ziada.

Hatua ya 9: Jaribu majini kabla ya kulipa

Muuzaji mwaminifu hakatai. Tafuta maji mapana, ya mwendo wa mtu anayetembea, yasiyo na miti iliyoanguka. Mti ulioanguka mtoni hupitisha maji na kumzuia mtu, na huua kuliko mawe. Beba watu watatu, maana boti tupu hupendeza kila mtu.

Elekeza omo kwenye hatari ya kubuni, jiwe fulani, na tezi upande unaotaka kwenda, pembe ya nyuzi 45 hivi kwa mkondo. Vuta. Boti inapaswa kuvuka kwa ulaini bila kuteremka sana. Kisha jaribu kuisimamisha kabisa, makasia yakifanya kazi, ikae mahali pamoja wakati maji yanapita. Ukimudu kwa dakika mbili bila kuhema, umbo hilo linakufaa. Mwambie mvuvi wa mbele arushe, asogee, ageuke. Geuza boti mzunguko mzima kulia, kisha kushoto, uhesabu mapigo.

Ikivuta upande mmoja ilhali unapiga sawa, usilaumu tumbo haraka. Angalia kwanza kama vishikio vya makasia viko kwa urefu mmoja na umbali mmoja kutoka omo, na kama mtu wa nyuma amekaa katikati. Ikiwa kishikio kimepanua mashimo yake na kulegea, ni kazi ya boliti nne na bamba jipya, na ni sababu halali ya kuomba bei ipungue.